Mfuniko wa Tenki

Mimi hasira zangu ziko karibu, hata watu wa nyumbani wanajua. Lakini siku lori liliponizimikia mlimani, kabla hata hatujaiona Nyasa, zilinipanda kuliko siku zote. Nyuma nilikuwa nimepakia jumuiya nzima kutoka Mbinga, tunawahi maziko ya mama yangu mkubwa huko ziwani. Ndiye aliyenilea tangu mama aliponifia. Kwetu aliyelelewa na marehemu ndiye hutangulia kutupa udongo kaburini, na simu ilikuwa imeshapigwa: joto la ziwani halingoji mtu, jua likipinda watazika, nifike nisifike.

Lori ni la dizeli, la zamani, lakini matunzo silinyimi. Filta ilikuwa mpya. Nikashuka, nikafungua tenki, nikachovya kijiti: mafuta tele. Nikalegeza bolti ya filta kutoa upepo, nikapiga pampu ya mkono mpaka dizeli ikatoka safi, haina povu wala maji. Huko juu kina mama walishaanza rozari kwa sauti. Nikapiga starta, likawaka.

"Umeona nguvu ya sala, baba?" akasema mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mnene aliyekaa mbele nami.

Tukaenda kidogo, likaanza kukohoa, likazima. Kijiti, bolti, pampu, rozari, likawaka. Halafu tena. Nikampigia fundi aliyeligusa mara ya mwisho, nikamtukana mpaka salio likakata. Jua lilikuwa utosini.

"Haraka haraka haina baraka," mwenyekiti akaniambia.

"Nyamazeni! Nyamazeni wote, mama yangu anazikwa!"

Wakanyamaza kweli. Na katika kimya kile nikafungua tenki, nikasikia fyuuu, tenki linavuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka kupiga mbizi. Nikajiona mjinga. Mfuniko wa tenki una katundu ka kupumulia. Kakizibwa, pampu inavuta mafuta lakini hewa ya kujaza nafasi yake haiingii, mwisho mafuta yanagoma kutoka. Kila nilipofungua kuchovya kijiti nilikuwa nalipatia tenki pumzi, sifa zikaenda kwa rozari.

Nikaugeuza mfuniko. Katundu kalikuwa kamezibwa kwa sabuni ya mche iliyokandwa na nyuzi, ikashindiliwa kwa kidole gumba, alama yake imekaa pale wazi. Nikaibandua nzima kwa kisu, nikaifunga kwenye leso, nikaitia mfukoni. Nikasema mbele ya jumuiya yote kwamba nikimjua aliyefanya hivi nitamlisha sabuni hii, aimeze na nyuzi zake.

Lori likateremka bila kukohoa hata mara moja. Tulifika tuta limeshapigwa, msalaba umesimama, watu wananawa mikono. Udongo wa kwanza ulitupwa na mtu mwingine. Nilitaka kupigana na yeyote.

Mama mdogo, anayemfuata marehemu kuzaliwa, akanishika mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gari lilikuwaje?"

Nikamweleza, tena kwa ukali, kana kwamba kosa ni lake. Nilipotaja sabuni akaniachia mkono.

"Yenye nyuzi?" akauliza.

"Yenye nyuzi."

"Ni marehemu mwenyewe huyo. Aliporudi kutoka kwenu, ile safari aliyowapelekea dagaa wa usipa, alitusimulia. Alikuwa anafua uani, mvua ikaanza, akaona maji yanaingia kwenye tundu la tenki lako. Akasema, mtoto huyu hata tundu hawezi kuziba, mvua itamuulia injini. Akaziba."

Kwao ziwani ndoo, pipa, chochote kinachovuja, huzibwa hivyo hivyo. Na tangu aondoke kwetu lori lilikuwa likizunguka mjini tu, safari fupi fupi, tenki halikuwahi kuishiwa pumzi. Hasira zilikuwa bado zimenijaa kifuani, sasa hazina pa kwenda. Nikaifungua leso. Joto la mfukoni lilikuwa limeanza kuilainisha sabuni, lakini alama ya kidole ilikuwa bado inaonekana.

Nikachota udongo, nikautupa juu ya tuta, wa mwisho badala ya wa kwanza.

"Mama," nikamwambia marehemu kwa sauti, watu wote wakasikia, "si ungeniuliza tu."