Kaseti Isiyochukuliwa

Mwaka 1986, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, ghala nililokuwa nabebea magunia ya mahindi lilifunga milango, na mimi nikabaki nje. Shule niliiacha darasa la nne. Sikuwa na ufundi wala mjomba ofisini. Nilikuwa na mgongo tu, na mgongo ulikuwa umekosa mnunuzi.

Niliuza mitumba, nikauza betri za redio. Bidhaa za nje zilipoanza kuingia kwa wingi nikapata deki mbili za kaseti, amplifaya na hedifoni moja kubwa. Nikafungua kibanda cha kurekodi nyimbo pale Majengo. Mteja alileta orodha, akavaa hedifoni kuhakikisha nyimbo ndizo, akaacha kaseti, akarudi kuichukua kesho kutwa. Jina lake niliandika kwenye daftari kwa mwandiko wangu wa darasa la nne. Waliosoma walipanga foleni kwangu. Nasema hivi kwa sababu ni kweli.

Miaka ikaenda, na rafu ikaanza kujaa kaseti ambazo wenyewe hawakurudi. Mwanzoni nilidhani wamesafiri. Halafu nikasikia fulani anaumwa, fulani yuko kwao, hatoki ndani. Watu walishusha sauti wakisema, "Yule ana ngoma." Sisi tuliokulia kijijini Mpitimbi tulijua ngoma ni ya kupiga na kucheza. Sasa ngoma ilikuwa ule ugonjwa wa kukondesha watu, na hata ndani ya kibanda cha muziki neno hilo lilikuwa linatazama mlango kwanza kabla ya kutoka mdomoni.

Kaseti zile sikurekodi juu yake. Wenzangu walinicheka kwamba naozesha mali.

Mdogo wangu, wa tumbo moja, alikuwa amekwenda Tunduru kutafuta mawe ya thamani. Alirudi na koti zuri, limemning'inia kama limetundikwa msumarini. Akaja kibandani na orodha ya nyimbo za upande A.

"Upande B uache wazi, kaka," akasema. "Nataka niongee na mama. Kwake siendi na hali hii. Kaseti itatangulia, mimi nitafuata nikinenepa."

Mama hakujua kusoma, lakini redio ya kaseti alikuwa nayo. Mimi ndiye niliyempelekea.

Akavaa hedifoni, akasikiliza, kichwa kinafuata mdundo. Alipoivua nikachukua kitambaa, nikakilowanisha kwa spiriti, nikafuta upande wa kulia, nikafuta wa kushoto. Mbele yake. Naweza kusema mikono ilikwenda yenyewe, lakini mikono ni yangu.

Akanitazama. "Na kiti je, kaka? Nacho nimekikalia."

Nikajifanya kucheka. Maikrofoni ilikuwa mezani, ya kushikwa karibu kabisa na mdomo. Nikamwambia leo umeme hautulii, aje Jumatatu.

"Umeme," akasema. Taa nyekundu ya deki ilikuwa inawaka katikati yetu, imetulia kabisa. "Haya. Jumatatu."

Jumatatu hakuja, nami sikumfuata. Wiki ya tatu nikaletewa habari. Tulimzika Mpitimbi. Matanga yalipokwisha mama akaniuliza, "Hakuniachia neno?"

Nikasema hakuacha.

CD zikaja, biashara yangu ikawa inakufa polepole. Nilipokuwa karibu kufunga akaja binti mmoja wa chuo kikuu, anasomea udaktari, si ule wa sindano, wa vitabu. Alichunguza jinsi wazee, watu wa makamo na vijana wanavyosikiliza muziki, nani yuko kwenye kaseti bado na nani amehamia kwenye CD na kompyuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Kiti ni safi."

Sijui kwa nini nilisema vile.

Karatasi yake ilikuwa na safu tatu. Akaniambia safu ya katikati inamshinda. "Nikienda majumbani nakuta bibi na wajukuu. Hao wa katikati wako wapi?"

Nikampa daftari. Akaweka kidole kwenye jina. "Huyu?"

"Hayupo."

"Na huyu?"

"Hayupo."

Ukurasa wa tatu akaacha kuuliza.

Aliomba aziingize kaseti za rafuni kwenye kompyuta yake. Nilimpa zote isipokuwa moja. Siku ya nne nikampa na hiyo. Upande A ukaonekana kwenye kioo cha kompyuta kama vilima vya njia ya Mbinga. Upande B ukatoka mstari mmoja, umelala.

"Huku hakuna kitu, mzee. Nikate?"

"Usikate."

Akatoa hedifoni yake ndogo anisikilizishe. Kabla ya kunipa akaifuta kwa leso, kulia, kushoto, kwa adabu tu. Mkono wangu ukagoma kupokea.

"Nimekosea, mzee?"

"Hujakosea. Wewe umefuta kabla. Mimi nilifuta baada."

Nikamweleza yote. Kalamu aliiweka chini. Mwisho akauliza kama aandike. Nikamwambia aandike, majina aache. Halafu akauliza jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi yake: "Mama anajua?"

Kesho yake nilikwenda Mpitimbi na kaseti mfukoni. Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamwambia neno lilikuwepo, ila mimi nililizuia, na jinsi nilivyolizuia. Hakunitukana. Alisema, "Weka."

Akasikiliza nyimbo za mwanawe zote. Nikageuza kaseti, nikataka kuzima.

"Acha."

Tukakaa nusu saa nzima tunasikiliza ule mvumo wa mkanda mtupu, mpaka kitufe kikaruka chenyewe. Mama akarudi kwenye mahindi yake. "Haya," akasema. "Nimesikia."

Alichosikia hakuniambia mpaka anakufa.

Siku hizi wajukuu wananiwekea simu sikioni: "Babu, sikia ngoma mpya hii." Wao ngoma ni wimbo tu. Mimi bado nageuka kutazama mlango.

Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma Majengo, vyumba vinne. Shamba la ekari sita Mpitimbi. Ng'ombe wawili. Deki moja nzima. Kitabu cha yule binti, cha Kiingereza, sijui kilichomo. Daftari moja. Kaseti arobaini za watu. Kaseti moja ya mdogo wangu, upande B haujarekodiwa.