Rangi ya Bibi Harusi

Wiki saba kabla ya harusi yangu, shangazi wa mchumba wangu alinitazama tukinywa chai kwao, akasema, "Ni msichana mzuri. Ni jua tu limempiga."

Hakusema kwa ubaya. Wakati huo nilikuwa nikiuza mitumba katika soko la Muthurwa, Nairobi, nimesimama juani tangu asubuhi, na ngozi yangu, nyeusi tangu utotoni, ilikuwa imekolea zaidi. Nilicheka pamoja nao. Kesho yake nikanunua mkebe wa krimu ya kung'arisha ngozi kwa mama mmoja wa vipodozi, vibanda vitatu kutoka changu.

Siku ya tano mashavu yakaanza kuwasha kama yaliyopakwa pilipili. Mamangu, niliyeishi naye mtaa wa Komarock, aliuona mkebe bafuni. Nilingoja anikaripie. Akasema tu, "Jumamosi usiende sokoni. Twende wote kazini."

Alikuwa akifua na kupiga pasi kwa mjane mmoja Mzungu upande wa pili wa jiji, bibi mzee aliyeishi Kenya miaka mingi hadi Kiswahili kikamkaa mdomoni. Tulimkuta barazani, kivulini, amevaa kofia pana na nguo ya mikono mirefu.

"Madamu, huyu ndiye binti yangu," mamangu akasema. "Mwambie ulichoniambia mimi."

Bibi akanionyesha kiti.

"Nyanya yangu hakutoka nje bila mwavuli na glavu," akaanza. "Kwetu, siku zile, mtu aliyeungua na jua alikuwa kibarua wa shamba. Tajiri alikaa ndani, mweupe kama unga. Halafu vibarua wakaingia viwandani, wasilione jua tena. Basi weupe ukawa ndio umaskini. Mwenye pesa akaenda pwani, akalala mchangani, akarudi kahawia ili majirani wajue alikuwa likizoni. Mamangu akautupa mwavuli. Na mimi nikajipaka mafuta, nikajianika kama samaki wa omena."

Mamangu alicheka, ingawa nadhani alishaisikia hadithi hiyo.

"Ulipendeza?" nikamuuliza.

"Sana. Nilikuwa na miaka ishirini."

Akavua kofia. Upande mmoja wa pua ulikuwa na kiraka cha ngozi isiyofanana na nyingine, na kovu lilishuka hadi karibu na mdomo. Daktari alikuwa amemkata saratani mara tatu. Bibi alisema ni lile jua la ujanani.

Bibi akaniinamia, akalitazama shavu langu. "Inawasha?"

"Kidogo."

"Mimi pia nilikuwa nikisema kidogo."

Tulianza safari ya kurudi nyumbani. Njiani mamangu akasema, akiangalia mbele, "Ulipozaliwa, nyanya yako, mamake babako, alifunua leso akasema umetoka na rangi ya babako hasa. Babako alikuwa amezikwa mwezi mmoja tu. Nyanya alikubeba akalia, akakataa kukurudisha kwangu. Sikuwahi kukwambia. Sikujua kwamba ulihitaji kuambiwa."

Niseme ukweli, krimu sikuitupa siku hiyo. Nilijipaka mara mbili tena, kisha nikaacha.

Asubuhi ya harusi, msichana wa kunipamba alipomaliza nilijiangalia kwenye kioo nikaona uso wa majivu juu ya shingo yangu. Nilidhani ndivyo maharusi wanavyofanywa. Mamangu akatokea mlangoni.

"Hiyo ni rangi ya nani?" akamuuliza yule msichana.

"Ni ya kumng'arisha, mama. Kwa sababu ya picha."

"Mtafutie yake."

Hakuwa nayo. Alimpigia mwenzake simu, na tukangoja poda iletwe kwa bodaboda. Mamangu hakungoja. Alileta maji ya vuguvugu na pamba, akaketi mbele yangu, akaanza kunifuta, polepole, akizunguka macho. Tangu nianze shule hakuwahi kuniosha uso. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa sabuni ya miaka mingi, na nilitamani poda ichelewe zaidi.

Tulifika kanisani tumechelewa karibu saa nzima. Kwaya ilikuwa imerudia nyimbo zake zote na mchungaji alikuwa amenuna. Mamangu ndiye aliyenishika mkono kunipeleka mbele, na tulikuwa tumefika katikati ya kanisa nilipoona kwamba, kwa haraka ile, alisahau kufunga zipu ya nguo yake mgongoni.