Majirani walikuja kunizika, nikawapiga picha wakizunguka nguzo ya Waswidi

Wakuu wa humu, na hasa ninyi vijana mnaoshinda na simu hadi macho yanawauma: marahaba. Najibu kabla hamjaniamkia kwa sababu najua wengine mngepita tu.

Mimi ni bibi wa Iguguno, huku Mkalama. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imekaa vibaya iacheni hapo hapo, someni habari. Ninachoeleza kimetokea nyumbani kwangu na mashahidi wapo. Wengine mpaka leo wananicheka.

Ni hivi.

Mjukuu wangu Elia anaishi Sweden. Ameoa huko, mkewe anaitwa Lina, wana binti mmoja mdogo, Alma. Mwaka huu walikuja kunisalimia mwezi wa sita, wakati huku tumeshavuna alizeti tunaipiga, na upepo wa Singida unakuvua kilemba ukiwa unatazama.

Sasa mwezi huo huo kwao kuna sikukuu kubwa ya kiangazi. Wanasimamisha nguzo, wanaivika majani mabichi na maua, halafu watu wazima na akili zao wanashikana mikono, wanaizunguka wakiimba. Kuna mahali wanachuchumaa wanaruka kama vyura.

Elia aliponieleza nilimuuliza kama wanakuwa wamekunywa. Akasema wengine ndiyo, ila hata wasiokunywa wanaruka.

Nisingejali. Kilichonifanya nijali ni bibi mwenzangu.

Lina ana mama yake, ndiye bibi wa Alma wa upande wa pili. Huyo mama alikuwa amelazwa, anasubiri kupasuliwa moyo. Tangu Alma azaliwe, kila sikukuu hiyo wanampiga picha chini ya nguzo, bibi yake anaibandika ukutani. Mwaka huu mtoto yuko kwangu.

Basi yule mama akaongea na binti yake kwa simu, mimi nimekaa pembeni. Elia akanitafsiria: "Anasema tumtumie picha kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Lakini anataka kuona watu wamemzunguka mtoto. Akimwona amesimama peke yake na nguzo, ataingia mle na hofu."

Vijana, mimi nimezaa na nimezika. Yule mama nilimwelewa kabla ya tafsiri.

Nikasema, picha nitapiga mimi. Msishangae. Kuku na mbuzi wangu nawauza kwa picha, nina wateja hadi Shelui, na sijawahi kumkata kuku kichwa kwenye picha. Hawa wajukuu wangu wakipiga, watu wote wanabaki shingo.

Tatizo likawa watu. Nyumbani tuko wachache. Elia akasema tuwaite majirani. Nikakataa. Nilimwambia siwezi kumwita balozi wa nyumba kumi aje kuruka kama chura uani kwangu, nitasemwa mpaka Krismasi. Tutajipanga wenyewe hivyo hivyo.

Siku ikafika.

Asubuhi Elia na Lina walifunga turubai kwa ajili ya jua, wakapanga viti vya plastiki. Nguzo wakaisimamisha, mti mrefu wa mkaratusi. Karibu na juu wamekatiza mti mwingine, na kila upande unaning'inia mduara mkubwa wa maua.

Elia akaondoka kwenda Singida mjini kutafuta samaki na siki, maana kwao siku hiyo wanakula samaki mbichi aliyelala kwenye siki. (Nilimwambia hapa kwangu samaki anapikwa. Tukakubaliana wao wamlaze samaki wao kwenye siki, wangu aingie kwenye mafuta.)

Mimi nikabaki jikoni na viazi. Nilikuwa na mafua makali, kanisani Jumapili sikuonekana, kisimani sikuonekana.

Lina huko nje akaona bado haijapendeza. Akakata matawi ya mwarobaini, akayapanga kuanzia njia panda hadi mlangoni kwangu. Kwao ndivyo nyumba inavyopambwa siku hiyo.

Nyie wa mikoani mmeshaelewa.

Kwa wasiojua: huku kwetu tawi bichi likiwekwa njiani linakuonyesha kwenye msiba. Ongeza turubai. Ongeza viti. Ongeza mti mrefu wenye mkono huku na huku, na mashada mawili, maana ukiwa mbali ile nguzo ni msalaba tu. Halafu mwenye nyumba ni mzee, anaumwa, hajaonekana.

Nilikuwa namenya kiazi, nikasikia kilio.

Kile cha msiba, kinachoanzia barabarani. Na sauti nikaijua. Mama Sefu, jirani yangu wa upande wa bondeni. Hatusemeshani tangu wakati wa mvua, mbuzi wake walipoingia kwenye alizeti yangu.

Analia: "Dada yangu weee! Umeniacha na nani! Hata ugomvi wetu hatujaumaliza!"

Nikatoka na kisu na kiazi mkononi, nikidhani amefiwa, nimpe pole.

Uani wamejaa. Wanawake wamejifunga kanga, wengine na kuni kichwani, wengine na unga kwenye ndoo. Wanaume nyuma, na balozi mbele yao amevua kofia.

Waliponiona wakarudi nyuma.

"Mama Sefu, unamlilia nani?"

"Nakulilia wewe!"

"Mimi niko hapa."

"Si nakuona!" Akakaa chini, puu. "We mwanamke hata kufa hujui kufa kama watu!"

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa. Balozi hakucheka. Akarudisha kofia kichwani, akaniambia, "Mama Petro, huu si mchezo. Mtu mzima hawekewi matawi na msalaba angali hai. Huu ni uchuro."

Wengine wakadakia. Tumeacha alizeti uwanjani. Tumetembea jua hili. Ni huyu Mzungu, nimemwona kwa macho yangu akiyaweka.

Lina Kiswahili chake ni kidogo, lakini nyuso za watu zinasomeka. Aliponielewa nilivyomweleza, akawa mwekundu kama nyanya. Akaanza kuokota matawi ya pale mlangoni, ameyakumbatia, machozi yanamtoka, "Samahani, samahani." Halafu akaenda kwenye nguzo kuishusha. Alma amemshika sketi, ana taji lake la maua kichwani, anamuuliza, "Mama, hatuchezi?"

Hapo nikaona picha inaondoka.

Watu hawa wakienda na hasira, Lina harudi tena Iguguno. Na bibi mwenzangu anaingizwa kupasuliwa bila kumwona mjukuu wake na watu.

Nikaweka kisu chini.

"Lina, acha hiyo nguzo. Balozi, kaa. Kaeni wote."

Nikawaeleza yote, habari ya yule mama, moyo wake, na ombi lake. Nikasema, "Sikuwaalika kwa sababu niliogopa kuchekwa. Sasa mmekuja wenyewe. Mtu aliyebeba kuni kuja kunililia, naweza kumwomba kitu. Naomba msimame na huyu mtoto."

 

Mama Sefu akainuka, akakung'uta vumbi kwenye kanga. "Kwa hiyo kuna mama yuko kitandani anasubiri kumwona mjukuu wake, na sisi hapa tunapima uchuro? Mimi machozi yangu yameshakwenda bure. Nielekezeni, chura anarukaje?"

Balozi akakohoa. "Mimi siruki. Nitashika mkono tu."

Wakamzunguka Alma na nguzo. Mimi nikawapanga vizuri: mikono chini, miguu pamoja, nyuso za heshima. Wakasimama kama wa kitambulisho. Nikaridhika kabisa.

Lina akacheka na machozi yake usoni. "Bibi, hapana. Wacheze. Piga wanacheza."

Picha ya kitu kinachotingishika mimi sijawahi kupiga. Hata kuku huwa nashikiwa miguu kwanza. Lakini nikarudi nyuma mpaka zizini, nikasema haya, anzeni.

Katikati ya kuruka, Elia akaingia mbio, uso umempauka, mfuko wa samaki umechanika. Ameona matawi njia panda. Akasimama mbele yangu anahema, "Bibi! Bibi!"

Nikamwambia asogee, ananizibia.

Nikapiga nyingi. Moja ndiyo ilitoka. Alma yuko katikati, mdomo wazi. Lina ameshikana mkono na mwanamke mwenye kanga ya msiba. Mama Sefu yuko hewani, miguu yote miwili haigusi ardhi, na umri ule. Na balozi aliyesema haruki, amechuchumaa, fimbo kwapani. Vichwa vyote vimo.

Tukaituma. Mtandao ukasuasua, nikatembea na simu hadi kichuguuni, ikaenda.

Jibu likaja, Lina akanisomea. Yule mama anauliza: "Hawa wote ni watu wa Alma?"

Nikamwambia, "Mwandikie: wote."

Kuni walizoleta ndizo zilizopika, na unga wao ndio tulioula, na samaki wa siki wakamwachia Elia. Bibi mwenzangu alipasuliwa, akaamka, na wananiambia kitu cha kwanza alichoomba ni simu.

Funzo ni fupi. Ukileta desturi yako mahali pa watu, pita kwanza kwa majirani uwaambie. Na wewe mwenyeji, usikatae kuita watu kwa kuogopa kuchekwa. Nimechekwa, na nimeamka nikachota maji kama kawaida.

Wenye mambo kama haya, mlioolea mbali au mlioolewa mbali, desturi zikagongana uani, andikeni hapa chini nisome. Wa matusi apite.

Jioni ile watu walipokwisha kuondoka, niliwakusanya wa nyumbani kwangu wote, na Lina akiwemo, nikawaambia hivi: "Unga mliokula leo ulikuwa wa msiba wangu. Siku nyumba yoyote ya hawa waliokuja itakapolia kweli, msisubiri kuniuliza. Bebeni kuni, muwe wa kwanza kufika, na asiende mtu mikono mitupu."