Chozi wa Mlangoni Kwetu

Laiti ningeukataa ule uenyekiti wa kamati ya usafi. Nilikuwa na cheti cha sekondari, na katika safu yetu ya nyumba Shauri Moyo hilo lilitosha kunifanya nijione mtu. Kamati yenyewe ilikuwa kundi la wanaume wavivu waliopaka mawe chokaa huku mtaro wa maji machafu ukifurika nyuma yao. Diwani alitarajiwa kupita.

Mlangoni kwetu mke wangu alikuwa amepanda mishubiri katika madebe, na ilipochanua, ndege waitwao chozi walikuja kufyonza maua. Nilimfundisha kuwatambua. Dume ni mweusi, kifua chekundu kinachong'aa juani. Hata mlevi anamjua. Jike ndiye wapumbavu wasiomtambua, maana ni kahawia tupu, na madoadoa tumboni. Mtazame mdomo, nilimwambia. Wa shomoro ni mfupi na mnene, wa kuvunja mbegu. Wa chozi ni mwembamba, umepinda kama shazia la kushonea magunia.

Jike mmoja alifuma kifuko cha nyasi na utando wa buibui kwenye waya wetu wa kuanikia nguo, akakiwekea na kijibaraza juu ya tundu. Sisi tulikuwa hatujajaliwa mtoto. Mke wangu akawa anaanika nguo kwa jirani, asiwasumbue makinda.

Kamati ikafika.

"Mwenyekiti, takataka gani hii inaning'inia kwako?"

"Ni kiota cha chozi," mke wangu akajibu.

"Chozi gani, mama? Chozi anang'aa. Haka kamefanana na sufuria iliyoungua."

Wakacheka. Mke wangu akanigeukia. "Si wewe unamjua? Waambie."

Jike alikuwa ameshika waya, mdomo wake uliopinda ukionekana na sote. Nikawaza watakavyonisema kilabuni, mwenyekiti mzima anayetetea ndege.

"Ni shomoro tu," nikasema, nikaking'oa kiota mwenyewe. Makinda wawili wakaangukia chokaa mbichi ya mawe ya mlangoni.

Diwani alipita kwa gari, vioo vimefungwa.

"Ungekuwa hujui, ningekusamehe," mke wangu alisema akifunga mzigo wake. Alirudi kwao, huko magharibi ya nchi. Nilimfuata, lakini hakutoka nje kunisalimu, na baadaye nikasikia ameolewa. Mimi sikuoa tena. Kwa kuogopa kuchekwa na wajinga, nilimpoteza mke niliyempenda, na nimezeeka peke yangu.