Pahali pa Kyungu

Ninyi mlioko Mitwaba mmeniomba mara nyingi niwasimulie safari yangu ya chuo, na kila mara nimewajibu kwa mkato kwamba Lubumbashi ni kuzuri. Leo nitasimulia vizuri, maana nasikia wadogo zetu wameanza kufunga mizigo, na ndoto walizo nazo ni zilezile nilizokuwa nazo mimi.

Niliondoka nyumbani kwa sababu nilifaulu mtihani wa Serikali na pacha wangu akaanguka. Basi, hakuna sababu nyingine ya kishujaa. Kwetu Baluba mapacha wa kiume huitwa Kyungu na Kabange, kama wengine wanavyosema Kulwa na Doto. Yeye alitangulia kutoka tumboni, ndiye Kyungu. Mimi ni Kabange. Tulilala mkeka mmoja, tukala sahani moja, na chuo tulikipanga pamoja. Mwalimu wetu wa Kifaransa, aliyesoma Lubumbashi zamani, alitueleza kwamba wanafunzi huko wanaishi kama ndugu wa tumbo moja, wanabishana mpaka bukari, ugali wetu, inapoa sahanini, na profesa anakuita kwa jina lako na kukuuliza wewe unaonaje. Tukameza yote! Nyumbani ikakubaliwa kwamba mimi nitangulie, Kyungu arudie mtihani, mwaka unaofuata anifuate.

Asubuhi ya kuondoka, mama alichana kitenge chake kipya katikati. Nusu akampa Kyungu, nusu akanipa mimi, kwa sababu kwetu mapacha hawapewi kitu bila kila mmoja kupata fungu lake.

“Kule utaikala, pahali ya Kyungu uweke pembeni,” aliniambia. “Muntu asipaikalie. Mutoto wangu asikose pahali.”

Nikasema ndiyo, mama. Kyungu alinisukuma nikapanda juu ya lori, akapaza sauti watu wote wasikie: “Usikule chakula yangu yote kule!” Nilicheka mpaka lori likakata kona. Halafu kicheko kikaisha chenyewe, nikajifanya vumbi limeniingia machoni.

Kabla ya Lwambo tulikwama kwenye matope. Abiria wote tukashuka, wengine wakakata matawi ya kutandika chini ya magurudumu, wengine wakasukuma, na dereva akatutukana sote bila kubagua. Nilijikuta nageuka kumtafuta Kyungu ili tucheke wote matusi yale. Nyuma yangu alisimama mama mmoja mwenye kuku, akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana.

Likasi ndipo nilipokanyaga lami. Nilishuka kununua vitumbula, vile vya kukaanga kwenye mafuta, na mkono wenyewe ukachukua viwili. Nilikula kimoja. Cha pili nilikifunga kwenye karatasi, nikakaa nacho mapajani mpaka tukaingia Lubumbashi, kisha nikakila kwa hasira.

Mjini nilipokelewa Kamalondo na Mama Zaituni, rafiki wa baba. Babu yake alitoka Maniema kufanya biashara, na familia yao imeshona nguo katika mitaa ile miaka na miaka. Alinyanyua macho kutoka kwenye cherehani, akaniangalia juu mpaka chini.

“Karibu, baba. Chumba ni kile, choo ni kule nyuma. Maji yanatoka asubuhi tu, ukichelewa shauri yako. Umekuja peke yako? Nilisikia mapacha.”

“Mwenzangu atakuja mwaka unaokuja, mama.”

“Inshallah,” akasema, na cherehani ikaendelea. Ni mama mwema, sitamsema vibaya. Lakini wateja walikuwa wamejaa barazani, na ile ndiyo ilikuwa salamu yangu ya kuingia mjini. Nilifunga mlango wa chumba, nikakaa kitandani, nikasikiliza mashine ile ikila kitambaa mpaka jioni.

Siku ya kwanza chuoni nilifika mapema nikidhani nitakuwa wa kwanza. Ka! Ukumbi ulikuwa umejaa tayari, hata watu wenyewe hawajafika. Juu ya mabenchi palikuwa na nusu tofali, daftari kuukuu, kandambili moja, kila kitu kinamshikia mtu nafasi. Profesa alipoingia, kutoka nilipokaa alikuwa mdogo kama kidole, na kipaza sauti kilikuwa kinakata maneno. Alisoma karatasi zake, akazikunja, akaondoka. Kuniita kwa jina? Nadhani hata leo tukikutana njiani hanijui, wala simlaumu, tuko wengi mno.

Nikajifunza kuamkia huko na mimi. Nilipata nafasi mbili karibu na dirisha: moja nikakaa, ya pili nikaitandika kile kitenge cha mama. Kijana mmoja anayeitwa Ilunga, kiongozi wa darasa letu, akaja na vitabu vyake kwapani.

“Hapa iko pahali ya nani?”

“Ya mapasa wangu,” nikasema, yaani pacha.

Alisubiri niongeze neno. Sikuongeza. Kusema Kyungu alianguka mtihani mbele ya wageni wale, nilimwonea aibu. Nikakinyoosha kile kitenge kwa mkono. Ilunga akaangalia kitenge, akaniangalia mimi, akaondoka polepole. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza tena.

Mwanzoni nilifurahi, nikaona wananiheshimu. Wiki zikapita, nikaona heshima imezidi. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakaandika wamesimama, lakini kwenye benchi langu hakuja mtu, wala kwenye la mbele yangu. Nikiwakaribia wanaocheka, kicheko kinashuka. Wananisalimia kwa sauti ya chini, “Pole na masomo,” kisha wananipisha njia. Ndugu zangu, nilikuwa naweza kutoka Kamalondo asubuhi na kurudi jioni nikiwa nimesema maneno ambayo hayajazi kijiko. Nilikonda. Nilikuwa nazungumza na sufuria. Nikasema moyoni, hawa watu wa mjini wananidharau kwa kuwa natoka Mitwaba, na mimi nikaanza kuwanunia kweli kweli. Kilichonishika nisirudi nyumbani kilikuwa kimoja tu: mwaka utaisha, Kyungu atakuja, tutakuwa wawili, na hapo wataona.

Nilimpigia simu kwa jirani, maana yeye hana simu. Mtandao wa Mitwaba mnaujua wenyewe. Kyungu alikuwa anaanza, “Kabange, kuko neno moja nataka...” halafu sauti inakatika.

Karibu na Pasaka, msaidizi wa profesa alitupa kazi ya kufanya wawili wawili. Kufumba na kufumbua, kila mtu alikuwa na mwenzake, nikabaki mimi. Hapo niliwaka. Nilimkabili Numbi, msichana aliyekuwa anakaa nyuma yangu na ambaye hata yeye alikosa mwenzake lakini hakuniangalia.

“Niliwakosea nini? Munanichukiaka juu ya nini?”

Alishtuka mpaka akaangusha kalamu. “Siye? Hatukuchukie, ndugu. Tunakuoneaka huruma. Tunaogopa tu ile pahali.”

“Pahali gani?”

“Ya mapasa wako. Siye pia tuko Baluba. Tunajuaka, mapasa moja akikufa, ule anabakia anamuchungiaka fungu yake. Nani ataikala pahali ya mufu?”

Miezi yote ile darasa zima lilikuwa katika matanga ya Kyungu! Wote walikuwa wananyamaza kwa adabu. Niliwanunia watu waliokuwa wananipa pole.

“Nani alikwambia alikufa? Iko muzima! Iko Mitwaba, anarudia mutihani!”

Numbi akafunika mdomo. Ilunga akaja, na wengine, kila mmoja anaomba msamaha, wengine wanacheka kwa aibu. Mimi sikucheka. Kumzika pacha aliye hai, hata kwa mawazo, si jambo la kuchezea. Nikakumbuka zile simu zilizokatika. Likizo ilipoanza tu, nilimuaga Mama Zaituni, nikarukia lori la kwanza.

Mitwaba nilifika nimekauka midomo. Kyungu alikuwa mzima, tena amenenepa. Alikuwa ukingoni mwa shamba la mahindi na kijana mmoja jirani, wanapiga matofali ya nyumba, wanataniana. Alinikumbatia, tukacheka, nikalia kidogo pia. Kisha nikauliza nyumba ni ya nani.

“Iko yangu,” alisema. Akafuta mikono kwenye suruali, polepole. “Kabange, ile neno nilikuwa nataka kukuambia. Mutihani sikujiandikisha. Niko na bibi, tutafunga ndoa mavuno ikiisha. Miye sitakuya Lubumbashi.”

“Na pahali yako? Nilikuchungia miezi hii yote.”

“Umupe mwengine, ndugu yangu. Miye niko muzuri hapa.”

Alisema kweli, alikuwa na furaha, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Nilitamani aseme angalau kwamba amelia hata mara moja kwa ajili yangu. Jioni nilimfuata mama jikoni, nikamuuliza kama alijua. Aliendelea kusonga bukari.

“Nilijua tangu ulipoondoka,” akasema. “Hakupendaka masomo, weye ndiye unapendaka. Nilikuambia umuwekee pahali ili usijione uko peke yako.”

Sikumweleza pahali pale palinifanyia nini. Nilikula, nikamwambia chakula ni kitamu.

Mnaniuliza nimejifunza nini. Chuo si kama mwalimu wetu alivyosema, na si kibaya kama nilivyokisema mimi moyoni. Huko hakuna atakayekuja kukuuliza wewe ni nani na nyumbani hawajambo. Unajisema mwenyewe, na mapema, la sivyo watu watakutungia habari zako na kuzishika kwa heshima kabisa. Mimi sikujua kujisema kwa sababu tangu utotoni Kyungu ndiye aliyekuwa anasalimia watu, mimi nasimama nyuma yake nikitabasamu. Sasa kazi ile ya wawili naifanya na Numbi, na Ilunga ananikalia ubavuni akinipiga kiwiko profesa akikosea. Hata hivyo nisiwadanganye: upweke haujaondoka. Ziko siku nausikia umenikaa kifuani tangu asubuhi, na nakwenda masomoni nao.

Siku ya kurudi, Kyungu alinisindikiza mpaka yanapopakia malori. Alikuwa na haraka, matofali yalikuwa yanamsubiri. Akaniaga kwa mikono miwili, kwa adabu, jinsi tunavyomuaga mgeni anayerudi kwake, kisha akashika njia ya shamba bila kusubiri lori liondoke. Dereva akachungulia dirishani.

“Muko bangapi?”

Nikaitazama njia ya shamba.

“Niko peke yangu,” nikasema.

Akaniambia nipande mbele, kwamba mtu mmoja hakosi nafasi.