Dada, Shemeji na Vitenzi vya Kiingereza

Dada yangu ni msusi, na ulimi wake una kasi kuliko vidole vyake. Mteja akikaa kwenye kiti chake huondoka na nywele nzuri na siri za mtaa mzima. Lakini hoteli kubwa ilipotangaza kwamba inatafuta msusi wa saluni yake, ulimi huo haukusaidia kitu. Walitaka mtu anayezungumza Kiingereza, tena mwenye cheti cha darasa la jioni. Na darasa la jioni, kwa mkosi tu, lilikuwa na mwalimu mmoja, naye ni mtalaka wake.

"Afadhali ninyoe upara," alisema Dada.

Ila kazi ile aliitaka. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye bomba linalotoa upepo kuliko maji, na mgongo ulikuwa umeanza kumuuma kwa kubeba ndoo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akainama, akaniandikisha na mimi, eti nikamlinde.

Shemeji alipotuona mlangoni alidondosha chaki. Ndiyo, bado namwita Shemeji. Talaka alipewa Dada, sikupewa mimi. Akaiokota, akatufundisha kwamba kitenzi cha Kiingereza kina sura ya sasa, sura ya jana, na ile isiyotembea bila msaidizi. Halafu akatoa mfano kwa sauti tamu: "She burned the beans."

Darasa likaitikia. Mimi nikamtazama Dada. Maharage yale yaliungua kweli, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Niliyala.

Dada akanyoosha mkono. "Mwalimu, na mimi ninao mfano. He has snore until the neighbours go!"

"Has snored," alisahihisha Shemeji, uso umemwiva. "Na majirani hawakuhama kwa sababu ya kukoroma kwangu."

Basi ikawa ndiyo hivyo. Watu wengine wakiachana wanapelekana mahakamani; hawa wawili waliirudia kesi yao yote kwa vitenzi. Shemeji akifundisha kupoteza, ni funguo alizopoteza Dada. Akifundisha kusahau, Dada anamkumbusha mama mkwe aliyesahauliwa stendi na mizigo yake. Darasa lilifurika. Fundi viatu, ambaye zamani alikuwa akisinzia kuanzia mwanzo wa kipindi, alihamia kiti cha mbele.

Dada alikuwa anashinda, na hapo ndipo alipoharibikiwa. Kila alipotuchekesha alidhani amejifunza. Kitabu hakukifungua. Alisema "I goed" mbele ya watu wazima bila haya, nasi wapumbavu tukampigia makofi.

Mtihani ulikuwa wa kuzungumza, mbele ya wote. Shemeji akamfelisha.

"Unalipiza kisasi!" Dada alifoka. "Ya nyumbani unayaleta kwenye kazi za watu!"

"Nikikupa cheti leo, wageni wa hoteli watakucheka, na kabla ya mwezi kwisha watakufukuza," alisema Shemeji, taratibu. "Mimi mwenyewe nimekufanya kichekesho humu ndani, na nimekosea. Sitaki na wengine wakucheke."

Dada akasema "Haya", akakusanya daftari zake. Tangu nimjue, na nimemjua tangu nizaliwe, sijawahi kuliona jambo hilo. Niliogopa.

Hoteli ilichukua msusi wa muda, ikasema nafasi yenyewe itajazwa mwisho wa mwaka. Dada akarudi darasani, akafungua kitabu. Shemeji naye akaacha vijembe, akawa anatoa mifano ya ng'ombe na mvua. Fundi viatu akarudia usingizi wake. Saluni ndiko kulikowaka moto: Dada alibandika vitenzi kwenye kioo, mteja akawa anasukwa huku anaitikia "eat, ate, eaten", na aliyekosea alivutwa nywele. Wawili walihama. Wengine walizoea.

Siku ya mtihani wa pili Shemeji alimwuliza kwa Kiingereza alifanya nini jana. Tukakaa mkao wa kucheka.

"I opened the salon," alisema Dada. "I worked. I went home. I cooked, and I ate alone."

Hakukosea hata neno. Alipika, akala peke yake. Hakuna aliyecheka, hata mimi, maana nilikuwa sijui. Shemeji akasaini cheti, lakini hakukiachia.

"Kweli unakula peke yako?" aliuliza, sasa kwa Kiswahili.

"Tangu uondoke. Nipe cheti changu."

"Hata mimi."

"Wewe umejitakia," alisema Dada. Cheti kilikuwa tayari mkononi mwake, lakini hakuinuka.

Nikaona aliyekuja kumlinda hana kazi tena. Nikamwambia namsubiri nje. Nilisubiri mpaka mlinzi akaniuliza kama sina kwetu, nikaenda zangu.

Wiki iliyofuata Dada alipata kazi ya hotelini. Aliyeniletea habari hiyo alikuwa Shemeji.