Maji ya Managu

Daktari aliposema miguu yangu inalegea kwa sababu potasiamu imeshuka, nilinuna. Ni yeye aliyeniandikia dawa ya presha inayonipeleka chooni kutwa nzima, na ndiyo hiyo, alisema, inayoitoa potasiamu mwilini. Kweli, nilikuwa nimeacha ndizi na viazi ili nipunguze mwili, lakini majani ya managu hayakosi kwangu.

"Unayapikaje?" aliuliza.

Kama alivyonifundisha mama, nikamjibu: nachemsha, namwaga maji, nachemsha tena, namwaga tena, mpaka uchungu uishe. Akatikisa kichwa. Potasiamu, akasema, humwagika na hayo maji.

Nilirudi Kaloleni nikibishana naye peke yangu njiani. Mama alikula hivyo hadi uzeeni.

Mlangoni nilimkuta jirani yangu, mama wa Kakamega, ameinamia sukuma wiki niliyoipanda kwenye gunia. Majani yalikuwa mapana kama sinia. "Dada," aliniuliza, "hii unailisha nini? Yangu imekonda."

"Maji tu," nilisema. "Yale ninayochemshia managu, yakishapoa."

Nikajisikia nikiyasema, nikaanza kucheka.

Aliponiona nacheka alidhani namficha siri, ikabidi nimweleze yote. Ni yeye aliyenionyesha kuyapika managu kwa maji kidogo, kisha maziwa ya kutuliza uchungu. Asubuhi nala ndizi yangu moja bila kujilaumu, na miguu imepata nguvu.

Sukuma ya mlangoni imekonda kidogo. Nimeiambia ivumilie, imekula fungu langu vya kutosha.